Nyumba za Bibi Zetu, Tuziandike Wenyewe



Leo sina pishi wala mshono mpya wa kukuonesheni. Nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tukilisikia husema "hayo ya wasomi": kuandika makala ya kitaaluma kuhusu uhifadhi wa majumba yetu ya kale, na kuipeleka kwenye jarida. Msinikimbie. Naanza na bibi yangu.

Miaka kadhaa nyuma alikuja kwetu Mji Mkongwe mwanafunzi mmoja kutoka nje, akifanya utafiti wa nyumba za mawe. Bibi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alimkaribisha barazani, siku ya pili akamtia ndani, siku ya tatu akampandisha mpaka juu ya paa. Alasiri tatu za chai ya tangawizi na visheti. Bibi alimweleza kwamba vyumba vyetu ni vyembamba na virefu kwa sababu upana wa chumba hufuata urefu wa boriti ya mkoko. Alimweleza namna wanawake walivyokuwa wakipiga sakafu kwa fimbo, wamejipanga safu, huku wakiimba, mpaka chokaa na kokoto zishikane. Akamweleza pia kwamba kila mwaka kabla ya Ramadhani kuta zilipakwa chokaa upya, na kwamba ile ilikuwa "dawa ya ukuta".

Makala ikatoka. Bibi yumo, lakini hana jina. Ameandikwa kuwa ni mwanamke mzee wa mtaa ule. Lile la dawa ya ukuta halimo kabisa. Limeandikwa kwamba watu wa Mji Mkongwe walipaka chokaa kwa ajili ya pambo la sikukuu. Wakati huo bibi alikuwa keshatangulia mbele ya haki, hakuna wa kusahihisha. Baada ya muda nikasoma makala ya mtu mwengine kabisa, naye karudia hilo hilo la pambo, na ushahidi wake ni ile makala ya kwanza. Maneno ya bibi yangu yamegeuzwa, na sasa yanatumika dhidi ya alichokisema mwenyewe.

Niliudhika sana, siwafichi. Lakini nilipotulia nikajiuliza: yule mwanafunzi kafanya kazi yake, kafunga safari, kauliza, kaandika. Mimi niliyelala kwenye chumba kile tangu utotoni, niliyeshika ndoo ya chokaa kwa mikono yangu, nimeandika nini? Sikuandika kitu.

Kuna atakayesema, pambo au dawa, kuna tofauti gani? Tofauti ni nyumba kusimama au kuanguka. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa. Ukuta wa namna hiyo unavuta maji na kuyatoa, kama mtu anavyopumua. Chokaa inayopakwa juu inauacha upumue, na inapochakaa inachakaa yenyewe badala ya jiwe. Ukiupiga plasta ya saruji na rangi ya mafuta, unyevu unabaki ndani, chumvi inakusanyika, na baada ya misimu michache ya mvua plasta inabanduka pamoja na ngozi ya jiwe. Kila mmoja wetu anaijua nyumba ya namna hiyo. Sasa fundi au mhandisi anayetayarisha mradi hamsomi bibi, anasoma kilichochapishwa. Akikuta kwamba chokaa ilikuwa pambo, ataona hakuna ubaya kuibadilisha kwa kitu "cha kisasa" zaidi.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 wakati wa Sayyid Barghash, ilianguka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Sisemi kwamba makala ingelishika jengo lile lisianguke. Nasema kwamba siku ile simu zetu zilijaa picha na machozi, na kila mmoja alikuwa na la kusema kuhusu nyumba ile. Baada ya wiki tatu tuliyoyasema yote yalikuwa yamepotea. Maneno ya simu hayahifadhiki. Makala iliyopita kwa wataalamu na kuchapishwa inabaki, na mtu wa miaka hamsini ijayo ataikuta.

Tena si jambo geni kwa mwanamke wa visiwa hivi. Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alichapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886. Maisha aliyoyachagua kila mtu ana maoni yake, na leo si mada yetu. Lakini mtafiti akitaka kujua kasri la Mtoni lilivyokuwa kwa ndani, watu walikaa wapi, waliogea wapi, watoto walicheza wapi, hawezi kumkwepa mwanamke yule. Magofu yamebaki kuta tu. Maisha ya ndani yamebaki kwa sababu aliyeyaishi aliyaandika.

Nikiwaambia haya dada zangu, jibu la kwanza ninalolipata ni la dini. Mmoja aliniambia, "Mimi naogopa riya. Jina langu juu ya makala la nini?" Swali hili nimelifikiria muda mrefu, maana khofu ya riya ni khofu njema. Jibu langu ni hili. Wanazuoni wetu wa hadithi hawakupokea neno mpaka waambiwe limetoka kwa nani, naye kalipokea kwa nani. Majina yale hayakuwekwa kwa fahari. Yamewekwa ili mtu aweze kuulizwa: huyu alikuwa mkweli? Alikutana kweli na aliyempokea? Kumbukumbu yake ilikuwa nzuri? Bibi Aisha, Mungu amridhie, amepokewa hadithi zaidi ya 2,000 kwa jina lake. Karima al-Marwaziyya alikaa Makka akiisomesha Sahihi ya Bukhari, na wanazuoni wanaume walikwenda kuipokea kwake. Hakuna aliyewaambia wajifiche. Jina kwenye elimu ni dhamana, nalo linabeba mzigo kuliko sifa.

Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Kama deni la fedha limepewa uzito huo, deni la elimu tuliyoachiwa na wazee wetu je?

Basi nikaandika. Hapa nisiwadanganye kwamba ilikuwa rahisi.

Jarida la kwanza lilinikatalia. Mhariri alinijibu kwa adabu kwamba nimeleta kisa kizuri lakini hakina swali. Nililia, kisha nikaisoma tena makala yangu, nikaona kasema kweli. Nilikuwa nimeandika namna ninavyompenda bibi. Nikaanza upya na swali moja dogo: chokaa ya kila mwaka ilikuwa na kazi gani katika kuutunza ukuta, na nani aliyeifanya?

Jarida la pili liliipeleka kwa wahakiki wawili. Hawa ni wataalamu wanaoisoma makala bila ya kujua nani kaiandika, na wewe huwajui wao. Mmoja aliisifu. Wa pili alinibana hasa. Aliandika maswali mengi, na yote ukiyakusanya ni moja: unajuaje? Hapo ndipo nilipokumbuka wale wanazuoni, nikaona kwamba hakuna jipya. Kuna swali lake moja lilinikosesha usingizi. Aliuliza: mwezi wa Ramadhani unazunguka mwaka mzima, sasa ukiangukia masika watu walipakaje chokaa kwenye mvua?

Sikuwa na jibu. Nimekaa ndani ya nyumba ile miaka yote, na sikuwahi kujiuliza. Nikachukua daftari nikaingia mitaani, nyumba saba, kwa mama zetu wakubwa. Nyumba mbili walinambia wao hawakupaka kabla ya Ramadhani kabisa, walingoja masika imalizike. Na Bi Mkubwa mmoja akacheka akaniambia, "Mwanangu, ikiwa Shaabani ni masika tulipaka ndani tu. Nje tuliiacha mpaka mvua zikatike, hata ikifika Mfunguo Tatu. Chokaa haishiki kwenye maji."

Mnaona? Kama lilikuwa pambo la sikukuu tu, wangepaka nje kwa ajili ya sikukuu, mvua au jua. Kungoja kwao ndiko kulikonipa ushahidi kwamba walijua wanachokifanya. Na nisingeupata bila ya yule mhakiki aliyenibana. Nilikuwa pia nimekosea kusema kwamba kila nyumba ilifanya hivyo kila mwaka. Nimelirekebisha. Makala imerudi kwao mara ya pili na nasubiri. Yawezekana wataikataa. Nitaitengeneza nitaipeleka kwengine.

Kwa anayetaka kuanza, haya ndiyo niliyojifunza kwa kuumia.

Chagua kitu kimoja. Usiandike "historia ya Mji Mkongwe". Andika mlango mmoja, kisima kimoja, nyumba moja ya wakfu, majina ya vidaka vya ukutani na kilichowekwa ndani yake.

Lisome jarida kabla ya kuliandikia. Soma makala tano zake, na maelekezo kwa waandishi mpaka mwisho: urefu, ikisiri, namna ya kutaja vyanzo. Azania, linalotoka tangu 1966, ni la akiolojia ya Afrika na makala zake nyingi ni za Kiingereza. Kama Kiingereza kinakutisha, Swahili Forum hupokea makala za Kiswahili na husomwa bure mtandaoni, na jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni letu. Hayo mawili ni ya lugha, fasihi na utamaduni, kwa hiyo makala ya msamiati wa mafundi wa chokaa ingepata nafasi huko kuliko ya vipimo vya ukuta.

Usipeleke makala moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja. Ni kama kupokea posa mbili.

Jihadhari na matapeli. Ukipata barua pepe inayokuita "profesa mtukufu", inakuahidi kuchapisha ndani ya siku nne na inataka dola kwanza, futa. Kuna majarida ya kweli yanayotoza ada, lakini hulitangaza mapema, na wachapishaji wengi huisamehe kwa waandishi wa nchi kama yetu wakiombwa. Uliza, si aibu.

Waombe wazee ruhusa, na waulize kama wanataka kutajwa. Mwengine atakataa, na ana haki. Mwengine atafurahi. Bibi yangu hakuulizwa, na mimi namjua, angependa jina lake liwemo.

Maoni ya wahakiki yakifika, yasome, funga, lala usiku mmoja au mbili. Kisha sema Bismillahi na ujibu moja moja, kwa adabu hata pale ambapo wao wamekosea.

Na kwa usiye na shahada, usijitoe. Tafuta mwalimu wa skuli au chuo muandike wawili, lakini jina lako liwe la mwandishi, lisiishie kwenye shukurani. Kama kuandika kabisa huwezi, rikodi. Kaa na mama yako alasiri ya leo, weka simu mezani, muulize boriti zilitoka wapi, nani aliyepiga sakafu, walikuwa wakiimba nini. Andika tarehe na jina lake kamili.

Nyimbo zile za kupiga sakafu bibi alizijua tatu. Mimi nimeshika moja tu, tena nusu. Hizo mbili na nusu hazipo tena popote duniani, na kosa ni langu, si la mwanafunzi wa kigeni wala la serikali.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atujaalie tuwe wakweli katika tuliyoyapokea kwao. Ukiwa na mzee nyumbani, usingoje kesho.

Wassalaamu alaykum.