Kidole cha mteja, laini ya tapeli

"Ile hela tuma kwenye namba hii." Hapa mkoani Tanga ujumbe huo umeliza watu Ngamiani, umeliza watu Pangani, na ajabu yake ni kwamba hutoka kwenye laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole, kama sheria inavyotaka.

Usajili huo ulianza Mei 2019. Foleni za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, zilirefuka hadi Rais John Magufuli akaongeza siku 20, na Januari 20, 2020 laini zisizohakikiwa zikaanza kuzimwa. Wananchi waliambiwa kwamba kila namba ikiwa na mwenyewe, matapeli watakosa pa kujificha.

Wilayani Mkinga zoezi hilo lina uzito wake. Wadigo na Wasegeju wako pande zote mbili za mpaka; mtu anaishi Horohoro, shangazi yake yuko Vanga, Kenya. Kwa mtu kama huyo, namba ya NIDA yenye tarakimu 20 si jambo la kujaza fomu na kuondoka, kwani kwanza ataulizwa wazazi wake ni nani na walizaliwa wapi. Akiikosa hana laini, na asiye na laini hana M-Pesa.

Tapeli hana shida hiyo. Yeye hununua laini iliyokwisha sajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine. Msajili wa mtaani, chini ya mwamvuli wake, humwambia mteja: "Mama, hakijasoma, weka tena." Kumbe kilisoma tangu mara ya kwanza! Laini ya pili inaingia sokoni, na siku polisi wakiifuatilia watabisha hodi kwa mama asiyejua lolote.

Ripoti za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zimekuwa zikitaja Rukwa na Morogoro kuwa vinara wa utapeli huu, si Tanga. Hilo halimfariji aliyelizwa Tanga, maana pesa za simu hazipandi basi.

Fedha haramu nazo hutafuta pa kujificha. Oktoba 2022 Tanzania iliingizwa kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na fedha hizo, na ikatolewa Juni 2025. Ni kazi ya kupongezwa. Lakini mzigo wa uhakiki bado umemwelemea mteja, aliyekwisha toa kidole, jina na wazazi wake. Kampuni za simu ndizo zinazowatuma wasajili mitaani na kufaidika na kila laini mpya. Basi laini ikibainika kusajiliwa kwa hila, aulizwe kwanza msajili, na kampuni imrudishie aliyeibiwa pesa zake. Ikianza kulipa, itawachagua wasajili wake kwa makini zaidi.

Kwa sasa, msomaji, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni husika waifute. Ujumbe wa tapeli upeleke 15040.