Kangomba wa Nywele

Mtu yeyote aliyekulia Namasakata anaijua kangomba. Ni yule mnunuzi anayekuja msimu wa njaa, mikorosho ikiwa bado na maua, akakupa hela ya unga leo ili Oktoba umpe korosho kwa bei aliyoipanga yeye. Au anakuja na bakuli lake badala ya mizani, na ujazo wa bakuli anaujua mwenyewe. Tunamwita mwizi. Mwaka 2018 wakulima wa kusini walikataa bei za mnadani, na Novemba mwaka huohuo serikali ya Rais Magufuli ikatangaza kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Hata wasio na mche mmoja wa mkorosho walielewa hoja ya wakulima: mtu aliyetoa jasho lazima awe na sauti kwenye bei.

Naomba tuwe wakweli. Watu haohao, wake kwa waume, wakifika kwa msusi wanageuka kangomba.

Mimi ni msusi. Pia ninasoma shahada ya uzamili, na likizo ninasuka kibarazani kwetu, kama nilivyosuka kabla sijaingia chuo. Rasta ndogo zinazofika mgongoni zinanichukua saa saba. Bei yangu ni shilingi 15,000, na mteja analeta rasta zake mwenyewe. Mteja anakubali, anakaa, ninasuka. Jioni anajitazama kwenye kioo, anafurahi, kisha anatoa 8,000. "Nipokee hiyo, mwanangu. Kwani umetoa nini mfukoni? Si mikono tu?"

Piga hesabu: shilingi 8,000 kwa saa saba ni kama 1,143 kwa saa. Humo toa chakula cha mchana, toa mgongo unaouma, toa vidole vilivyochubuliwa na uzi. Anayesema "nitakutumia kwenye simu" mtoe kabisa, maana huyo hatatuma.

Neno linaloniudhi zaidi ni hilo "mikono tu". Fundi cherehani naye ana mikono, daktari wa upasuaji naye ana mikono. Kusuka kunaanza kwa macho: kuona nywele zimejaa wapi na zimepungua wapi, kugawa kichwa ili mistari ikutane katikati bila kupinda. Ni kujua kwamba nywele za mbele ni changa, na ukizikaza sana mara kwa mara zinanyonyoka hadi kipaji kinapanda na wakati mwingine hazioti tena. Ni kujua kumwambia mteja mwenye mapunye aende kwanza kutibiwa, na kumwambia bila kumdhalilisha mbele ya wenzake. Nilijifunza kwa shangazi yangu tangu darasa la nne. Alianza kunipa nywele za uzi, kisha twende kilioni, kisha mistari, na kila nilipokosea alifumua zote nikaanza upya. Ilinichukua miaka kadhaa kabla hajaniachia kichwa cha mteja anayelipa. Kozi yangu ya uzamili ni ya miaka miwili.

Huko Marekani na Uingereza kuna watu wanaoishi kwa kusuka farasi. Usicheke. Kwenye maonyesho ya farasi, usiku wa kuamkia mashindano, msusi anapanda kigoda bandani na kusuka manyoya ya shingo kwa uzi wa sufu unaofanana na rangi yake, vifundo thelathini na zaidi, vyote sawasawa. Shingo ina bei yake na mkia una bei yake, na hesabu ni kwa kila farasi, makumi ya dola. Mwenye farasi anaijua bei kabla uzi haujakatwa. Hamwambii msusi kwamba alitumia mikono tu. Kwetu Ruvuma farasi ni adimu, mbung'o wamehakikisha hilo. Tunavyo vichwa vya watu, na inanisikitisha kwamba shingo ya farasi kule ina heshima kuliko kichwa cha binadamu hapa.

Dharau hii ina chimbuko. Tangu shule ya msingi tunaambiwa, "Usiposoma utaishia kusuka nywele." Kazi ikishafanywa adhabu ya waliofeli, nani ataona aibu kuilipa nusu? Ndiyo maana wengine wananiuliza kwa huruma, "Msomi mzima bado unasuka?" Hawamuulizi mwanafunzi mwenzangu anayefuga kuku. Kusuka kunaonekana ni jambo ambalo kila mwanamke amezaliwa nalo, kama kupika, na kazi za namna hiyo tumezoea kuzipata bure kutoka kwa mama zetu.

Najua jibu litakalokuja: watu hawana hela. Ni kweli, na sibishi. Lakini asiye na hela anasema asubuhi, sio jioni. Akiniambia ana 3,000, nitamsuka twende kilioni itakayomkaa vizuri kwa 3,000, na wote tutalala kwa amani. Ninachokipinga ni kukubali bei ukiwa na nywele timtim na kuikataa ukiwa umependeza, kwa sababu unajua siwezi kufumua kazi ya saa saba na kuirudisha kapuni. Kangomba naye hutumia udhaifu huohuo: anakuja wakati ambao huna pa kukimbilia.

Wengine husema wasusi waende VETA wapate vyeti, ndipo watathaminiwa. Cheti ni kitu kizuri, na VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini. Niliwahimiza wenzangu wauulizie. Ila tusikifanye cheti kuwa kisingizio. Katika jimbo la Utah, Marekani, mwanamke mzaliwa wa Sierra Leone, Jestina Clayton, aliyejifunza kusuka utotoni, alitakiwa kwanza asomee urembo saa 2,000, karibu zote hazihusu kusuka nywele za Kiafrika. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2012 jaji akaamua kwamba sharti hilo linakiuka katiba. Karatasi inaweza kuthibitisha ujuzi, na inaweza pia kuwa njia nyingine ya kumwambia fundi kwamba hajui anachokijua. Tena mteja wa kibarazani hajawahi kuniomba cheti. Anaomba punguzo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji uliye chuoni, unayeandika vizuri kuhusu ajira za vijana na haki za wanawake kisha Jumamosi unamzungusha msusi wako kwa 2,000, haya ndiyo ninayokutaka. Uliza bei kabla hujakaa. Ikikushinda, chagua msuko mdogo au sema kwaheri, hakuna atakayekununia. Ukikaa, lipa yote, siku hiyohiyo. Na wasusi wenzangu, tuandike bei zetu kwenye kadibodi, tuzitundike ukutani, na kwa mteja mgeni tuchukue nusu kabla ya kushika chanuo. Mkulima alidai mizani. Na sisi tuweke yetu.