Risala ya Wakazi wa Laiser Hill Kuhusu Saratani ya Mapafu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Kajiado.

Mheshimiwa, sisi wakazi wa Laiser Hill, pamoja na ndugu zetu wa Kitengela, Kiserian na Kajiado mjini, tunakuletea kilio kimoja. Watu wetu wenye saratani ya mapafu humfikia daktari wa saratani wakiwa wamechelewa mno.

Namna wanavyochelewa tunaijua. Mtu anakohoa mwezi mzima. Anaanzia duka la dawa, anapewa dawa ya kikohozi, kisha antibiotiki. Asipopona anakwenda zahanati, na huko anashukiwa TB. Kushuku TB si kosa, maana ugonjwa huo upo kwetu na unaua. Tunalalamikia kinachofuata. Makohozi yamepimwa, viini havikuonekana, lakini mgonjwa anaanzishiwa dawa za miezi 6 kwa sababu ya kivuli kilichoonekana kwenye eksirei. Anazidi kukonda, anatema damu, sauti inakauka, na bado anaambiwa amalize dozi. Uvimbe haungoji dozi iishe. Tumewazika watu wa namna hiyo, na wengine wao hawakuwahi kushika sigara.

Kwa hiyo tunadai kanuni iliyoandikwa, ifuatwe katika kila hospitali ya umma ya kaunti hii: mtu ambaye kikohozi chake kimepita wiki 3 na hana viini vya TB, au asiyepata nafuu kwa dawa alizopewa, aandikiwe rufaa ya CT skani ya kifua, na ikihitajika achukuliwe kinyama cha uvimbe kikapimwe. Rufaa hiyo iwe na tarehe, na mhudumu wa afya ya jamii afuatilie mpaka kipimo kifanyike. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya bima ya NHIF Oktoba 2024, igharimie vipimo hivi hata kabla saratani haijathibitishwa, kwa sababu hapo ndipo familia nyingi hukwama.

Kuhusu kuwapima wasio na dalili, tunaomba tusiletewe hema la eksirei la siku moja tukaambiwa tumechunguzwa. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2011, uliohusisha zaidi ya watu 53,000 waliokuwa wamevuta sana sigara, ulionyesha kwamba CT skani ya mionzi midogo ilipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 kuliko eksirei. Lakini kipimo hicho hakimfai kila mtu. Huonyesha pia madoa mengi yasiyo saratani, na mtu akaishia kudungwa na kuhangaishwa bure. Waandikishwe kwanza wenye miaka 50 na zaidi waliovuta kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka 20. Hao wapimwe kila mwaka, na wasaidiwe kuacha sigara.

Wako wengine walio hatarini ingawa hawavuti. Mama aliyepikia kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha tangu ujana wake; kijana anayekata mawe machimboni huku vumbi la silika likimwingia; makanga anayemeza moshi wa dizeli Magadi Road alfajiri hadi usiku. Silika na moshi wa dizeli vimethibitishwa kusababisha saratani ya mapafu. Tunadai mawe yakatwe yakimwagiwa maji, na mwenye machimbo ndiye anunue barakoa za vumbi, si kibarua.

Hatimaye, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara moja moja na kuwauzia watoto. Vibandani kwetu sigara moja inauzwa mchana kweupe, kwa bei ambayo mtoto wa shule anaimudu. Tunaomba maafisa wa afya ya umma wapite vibanda hivyo na kuchukua hatua.

Mheshimiwa, tunaomba jibu la maandishi litakalosomwa katika baraza la chifu, likitaja siku ambayo kanuni ya rufaa itaanza kutumika.