Kwenda Roma Kutazama Dari

Nimeazimia, Mungu akinijaalia uhai na viza, kwenda Roma mwakani kulitazama Kanisa la Sistina lililomo Vatikani. Nilipoitoa habari hiyo barazani baada ya sala ya Isha, ami yangu nusura apaliwe na kahawa. “Nauli hiyo, mwanangu, si ungekwendea Umra?” Nikamkumbusha kuwa Umra nimekwisha kwenda, Alhamdulillahi. Akanyamaza, lakini nilijua hofu yake si nauli. Ni picha.

Na hofu hiyo si ya kudharauliwa. Kanisa hilo lilijengwa na Papa Sixtus wa Nne baina ya 1473 na 1481, nalo si kubwa: urefu wake ni kiasi cha mita 40 na upana 13. Ndimo makadinali wanamofungiwa kumchagua Papa, kama walivyofanya Mei 2025 alipochaguliwa Leo wa 14. Lakini watu hawendi pale kwa ajili ya makadinali. Wanakwenda kutazama dari aliyoichora Michelangelo kuanzia 1508 hadi 1512. Bwana huyu alijihesabu mchongaji wa mawe, wala kazi hiyo hakuitamani. Husemwa kwamba alichora amelala chali, si kweli. Alisimama juu ya jukwaa, shingo kaipinda nyuma, rangi zikimdondokea usoni.

Waliochorwa humo, msomaji, ni watu tunaowajua. Yumo Adamu na Hawa, yumo Nuhu na safina yake, na pembeni yumo Daud amemshinda Jalut. Juu ya altare yuko Yunus na samaki. Ukutani, katika kazi ya mafundi wengine waliomtangulia Michelangelo, jeshi la Firauni linagharikishwa baharini. Mtoto wetu aliyepita chuoni hangehitaji kuelezwa mengi.

Hapo ndipo ilipo raha yake, na taabu yake ipo papo hapo. Nuhu amechorwa pia amelewa, yu uchi mbele ya wanawe, na sisi Nabii hatumsemi hivyo. Tena Muumba mwenyewe amechorwa mzee wa ndevu za mvi akimnyooshea Adamu kidole. Sitajifanya kwamba hilo halinichomi. Linanichoma. Wanaotwambia “hiyo ni sanaa tu” hawawatendei haki Wakatoliki wala hawatutendei sisi, maana aliyeichora aliichora kwa imani yake, na anayeikataa anaikataa kwa imani yake.

Basi kwa nini niende? Nilimtajia ami kisa cha Sayyidna Umar, ambaye wapokezi wamesimulia kuwa aliingia katika kanisa kuu la Baitul Muqaddas, na wakati wa sala ulipofika akatoka akasali nje. Ami alikikubali kisa, hoja akaikataa: Umar, alisema, alikaribishwa na mwenye kanisa, hakulipa kiingilio kwenda kutazama masanamu. Jawabu hilo ni zito na sijalivunja. Langu ni kwamba tumeishi na majirani Wakristo miaka yote hii, na mengi tunayoyajua juu yao tumeyapata kwa kuambiwa. Nikitofautiana nao, nataka niwe nimeona kwa macho yangu.

Kwa hivyo najitayarisha. Mlango wa kuingilia hauko kwenye uwanja wa Mtakatifu Petro kama wengi wanavyodhani, bali Viale Vaticano, upande wa pili wa ukuta. Tiketi mwaka 2025 ilikuwa euro 20, na 5 zaidi kwa anayeagiza mapema, euro ambazo mimi nitazitoa bila kulalamika. Jumapili ya mwisho wa mwezi kwa kawaida ni bure, lakini bure hiyo ina foleni yake. Kwanza unapitishwa katika majumba marefu ya makumbusho, ukifika Sistina miguu imekwisha. Ndani hapana kupiga picha, hapana kuzungumza. Na anayefika na mabega wazi au magoti nje hurudishwa mlangoni.

Hapo pa mavazi nilipasoma mara mbili. Sisi Lamu na Mji wa Kale, Mombasa, tunanung’unika kila msimu juu ya wageni wanaopita milangoni mwa misikiti nusu uchi, na tunanung’unika kwa sauti ya chini tusije tukawafukuza watalii. Vatikani wameweka sharti waziwazi, na mwaka 2024 makumbusho yao yalipata wageni zaidi ya milioni 6. Serikali zetu za kaunti zinashindwa nini kusimamisha kibao kinachosomeka, na kamati za misikiti kuweka leso za kuazima mlangoni? Mgeni hajui asiloambiwa.

Ratiba yangu ni hii: Ijumaa nitasali katika Msikiti Mkuu wa Roma, uliofunguliwa 1995 kaskazini mwa mji, Jumamosi nitakwenda Sistina. Ami, aliyevua samaki miaka mingi, aliisikiliza kimya. Kisha akauliza huyo samaki wa Yunus wamemchora ukubwa gani. Nikamwambia picha nilizoziona kitabuni zinamwonyesha mdogo, hatoshi kummeza mtu. Akaniagiza nikifika nimtazame vizuri.