Daftari la Ukongwe Kazini Liwekwe Wazi

Katika utumishi wa umma ni mambo machache yanayozua manung'uniko kama ukongwe kazini. Kila orodha ya waliopandishwa vyeo inapotoka, swali la kwanza katika vyumba vya walimu huwa ni lile lile: huyu amempitaje yule aliyemtangulia? Ni swali la haki. Hata hivyo, wengi wetu huliuliza bila kwanza kukubaliana maana ya kumtangulia mtu kazini.

Kila mtumishi wa umma ana tarehe tatu katika faili yake. Ya kwanza ni siku aliyozaliwa. Hiyo humwonyesha siku ya kustaafu, lakini haimpi ukubwa wa kazi; mvi ni heshima ya nyumbani, si cheo cha ofisini. Ya pili ni siku aliyoajiriwa. Ya tatu ni siku aliyoingia katika gredi aliyo nayo sasa. Desturi ya utumishi wa umma huipa uzito hii ya tatu. Walio katika gredi moja hupangwa kwa tarehe waliyoingia gredi hiyo, na wakilingana, ndipo huangaliwa nani alimtangulia mwenzake katika gredi ya chini. Kwa hivyo, mwalimu aliyeajiriwa 2005 anaweza kuwa mdogo kikazi kwa mwenzake aliyeajiriwa 2012, iwapo huyu wa pili ndiye aliyetangulia kuingia gredi wanayoshiriki.

Kanuni hii ni nyepesi kuieleza, lakini maisha ya mwalimu wa Kenya si mepesi. Hadi 1998 mwalimu aliyehitimu alijua kwamba kazi inamngoja. Tangu mwaka huo serikali iliposimamisha ajira ya moja kwa moja, waliohitimu pamoja wameingia kazini wakiachana kwa miaka mingi. Tuchukue mfano wa aliyehitimu akiwa na miaka 24 na kuajiriwa akiwa na 34. Kwa kuwa atastaafu akiwa na 60, amebaki na miaka 26 ya kupanda ngazi, ilhali mwenzake wa darasa moja aliyebahatika mapema ana miaka 36. Muongo huo mmoja haukupotea kwa uvivu wake.

Aidha, kuna walimu wanagenzi, ambao serikali ilianza kuwachukua kwa kandarasi 2019. Maelfu yao waliotumwa katika shule za sekondari msingi 2023 walipata ajira ya kudumu mwanzoni mwa 2025. Je, muda waliofundisha kabla ya hapo uhesabiwe au usihesabiwe? Wanafunzi wao hawakujua habari za kandarasi. Walijua tu kwamba wana mwalimu mbele yao.

Suala la masomo nalo lina utata wake. Miongozo ya kupandisha vyeo ambayo Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, iliitoa 2018 ilikatiza matumaini ya walimu wa cheti waliojilipia karo ya shahada wakidhani karatasi hiyo ingewapandisha gredi moja kwa moja. Chama cha KNUT kiliipinga hadi mahakamani.

Wapo wanaosema kwamba dawa ni kuufutilia mbali ukongwe na kuangalia uwezo tu. Hoja hiyo si ngeni. Huko Uingereza, ripoti ya Northcote na Trevelyan ya 1854 ilipendekeza watumishi wapandishwe vyeo kwa ustahili badala ya kungojea zamu. Nayo Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 232, inataka ushindani wa haki na ustahili viwe msingi wa kuajiri na kupandisha vyeo. Sipingani na hayo. Wahenga walinena kwamba kutangulia si kufika, na mwalimu aliyerudia somo lile lile kwa miaka 20 bila kulikuza hawezi kudai kwamba ana uzoefu wa miaka 20.

Lakini wahenga hao hao walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Isitoshe, uwezo hupimwa na binadamu, na binadamu ana ndugu, ana marafiki, na ana kabila. Tarehe haina jamaa. Ndiyo maana mwalimu asiyemjua mkubwa yeyote huung'ang'ania ukongwe wake: ndiyo ngao pekee aliyo nayo. Ukimnyang'anya ngao hiyo kabla hajaonyeshwa mizani ya ustahili anayoweza kuisoma mwenyewe, umemwacha mikononi mwa wapendeleaji.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa si kutumia ukongwe wala kutumia ustahili. Kosa ni kuvipima vyote viwili gizani. Napendekeza kwamba kila kaunti ndogo iwe na daftari la walimu wa kila gredi, lenye tarehe ya kuajiriwa na tarehe ya kuingia gredi, na libandikwe mahali pa wazi kabla ya mahojiano yoyote ya vyeo. Mwenye tarehe iliyokosewa apewe muda wa kulalamika. Alama za ukongwe na alama za mahojiano zitajwe mapema, na anayerukwa aambiwe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sembuse habari za kazi yake mwenyewe!

Nanyi wanafunzi wa vyuo vya ualimu, zitunzeni barua zenu tangu ile ya kwanza kabisa. Siku moja tarehe iliyo juu yake itakuwa shahidi wenu. Kwa wakuu wa tume nasema hivi: mwalimu anaweza kuvumilia kupitwa na mwenzake, mradi ameonyeshwa jinsi alivyopitwa. Asiloweza kulivumilia ni kupitwa asijue kwa nini, kisha kesho yake asimame mbele ya darasa kuwafunza watoto kwamba bidii hulipa.