Kazi Ikihamia Nyumbani

Waajiri wengi huamini kwamba mtumishi asiyeonekana ni mtumishi asiyefanya kazi. Huko Shanghai, kampuni ya safari ya Ctrip iliipima imani hiyo kuanzia Desemba 2010. Wapokea simu 249 waliojitolea waligawanywa kwa tarehe ya kuzaliwa: wenye tarehe shufwa walifanyia kazi nyumbani siku 4 kwa juma, wengine wakabaki ofisini. Baada ya miezi 9, kazi ya wale wa nyumbani ilikuwa imezidi kwa asilimia 13, hasa kwa sababu mapumziko na siku za kuugua vilipungua. Walioacha kazi nao walipungua kwa nusu.

Wengi huishia hapo katika kuisimulia habari hii. Lakini kila aliyekubaliwa katika jaribio hilo alikuwa na chumba cha kufanyia kazi na intaneti nyumbani kwake. Tena, jaribio lilipokwisha, karibu nusu ya wale wa nyumbani walichagua kurudi ofisini, wengi wakilalamikia upweke. Na kwa watu wenye matokeo sawa, waliokuwa nyumbani walipandishwa cheo mara chache zaidi. Hilo ndilo linaloniudhi: mtu anatoa zaidi, kisha anasahauliwa kwa kuwa hapiti mlangoni mwa mkubwa wake.

Chennai, nchini India, mambo yalikuwa kinyume. Waingiza data waliopangiwa nyumbani kwa bahati nasibu walitoa kazi pungufu kwa asilimia 18 kuliko wenzao wa ofisini. Waliopenda kukaa nyumbani ndio walioshuka zaidi: asilimia 27, dhidi ya 13 kwa waliopenda ofisi. Msifanye haraka kuwaita wavivu. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na wenye watoto au jamaa wa kutunza, na wa familia maskini. Nyumba iliwahitaji, nayo ikajitwalia sehemu ya saa zao.

Sisi walimu twalijua jambo hili, ingawa hatulisemi. Twawapa wanafunzi mazoezi ya nyumbani, kisha twasahihisha kana kwamba kila mmoja ana meza na taa. Katika miji yetu, ambako umeme hukatika pasipo taarifa, mwajiri anayesema «fanyia nyumbani» aweza kuwa anamhamishia mtumishi gharama ya taa, mtambo na intaneti, huku mshahara ukibaki uleule. Kabla ya kuupima utendaji wa mtu huyo, na aulize kwanza nyumba yake ina nini, na alipe kinachopungua.

Kampuni ileile, ikiitwa sasa Trip.com, ilijaribu tena mwaka 2021 na 2022 kwa watumishi 1,612, safari hii siku 2 tu za nyumbani kwa juma. Tathmini za kazi hazikushuka, vyeo havikupungua, na walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja, hasa wanawake na wale wenye safari ndefu ya kwenda kazini.