Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Hesabuni siku za darasani kabla ya kuhesabu mabao

Mheshimiwa Waziri,



Ninayekuandikia ni mwalimu wa hisabati katika shule moja ya sekondari ya kata. Kwa kuwa enzi zangu nilicheza netiboli, nimebebeshwa na michezo pia. Kazi hiyo ya pili haina posho, ila ina ufunguo: ufunguo wa stoo yenye mipira minne, mitatu imetoboka. Nakuandikia kuhusu UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, na hasa kuhusu watoto tunaowapeleka huko kwa majina yao, na mara nyingine kwa majina ya wenzao.

Nianze na daftari la mahudhurio. Miaka michache iliyopita, katika shule niliyokuwa nikifundisha wakati huo, nilikuwa mwalimu wa darasa wa kidato cha tatu. Darasani mwangu kulikuwa na kijana mmoja, winga wa kushoto, mwembamba kama ufito, ambaye akishika mpira hata wapishi walikuwa wakiacha sufuria na kuja kutazama. Akachaguliwa timu ya kata. Akapanda ya wilaya, akaingia kambi ya mkoa. Siku ya kwanza ya kambi nikamwandikia kwamba hayupo. Mchana nikaitwa ofisini. "Mwalimu, huyu yuko kwenye kazi ya shule. Mwekee vema." Nikafuta, nikaweka vema. Nikaendelea kuweka vema kwa wiki tano.

Kwa hiyo daftari langu la Mei linaonyesha kijana ambaye hakukosa hata siku moja. Karatasi ya matokeo ya muhula, ya mwezi huohuo, inaonyesha kijana yuleyule ana X katika masomo yote tisa. Karatasi zote mbili nilizijaza mimi, kwa kalamu moja. X, Mheshimiwa, si sifuri. Sifuri ni ya mtu aliyekaa kwenye dawati akajaribu.

Alirudi akiwa na traksuti ya mkoa na medali shingoni. Paredi ilisimamishwa, akapigiwa makofi, na makofi yale alistahili. Baada ya hapo hakuna aliyemuuliza kitu. Mwalimu wa fizikia alikuwa ameshavuka mada mbili, mimi nilikuwa nimemaliza mfuatano na mfululizo, na hakuna mtu yeyote, nami nikiwemo, aliyepewa jukumu la kumrudisha alikotoka. Alama za kidato cha tatu huingia katika upimaji endelevu unaopelekwa Baraza la Mitihani. Alama zake nilizitafuta kwa kumpa mtihani wa peke yake chini ya mwembe, siku mbili kabla ya kutuma, na hadi leo sijui ule ulikuwa mtihani au sadaka. Kombe ambalo timu ililetea shule lilikuwa juu ya kabati la ofisi. Mara ya mwisho nilipoliona lilikuwa limewekewa chaki.

Kisa hiki si cha shule moja yenye roho mbaya. Ni suala la kalenda. Mashindano ya taifa hufanyika Juni: Tabora mwaka 2024, Iringa mwaka 2025. Ili mtoto afike huko Juni, lazima apitie kata, wilaya na mkoa, na kambi za wilaya na mkoa huangukia Mei, mwezi ambao shule zinafanya mitihani ya muhula wa kwanza. Wanaoteuliwa kwenda kwenye michezo ya shule za Afrika Mashariki, kama ile ya Kakamega, Kenya, mwaka 2025, husafiri Agosti. Ukiwa kidato cha nne, mtihani wa taifa unakusubiri Novemba. Mtoto anayefanya vizuri kuliko wote uwanjani ndiye anayekosa darasa kuliko wote. Tunamwadhibu kwa kushinda.

Mwaka jana katika kikao cha wadau wa elimu wilayani kwetu, mzee mmoja alisimama akatoa dawa. Asiyefikia wastani fulani asicheze. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi sikupiga, na ningependa kueleza kwa nini, maana najua hoja hiyo itafika mezani kwako kama haijafika.

Wenzetu wa jimbo la Texas, Marekani, walitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1984. Mwanafunzi aliyepata chini ya alama 70 katika somo lolote alizuiwa kucheza kwa wiki sita. Baadaye, mwaka 1995, adhabu ikapunguzwa hadi wiki tatu. Kule kuna watu wanaoitetea mpaka leo. Lakini hebu ichukue sheria hiyo uilete kwenye shule yangu, na uanze na somo langu. Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2023 na 2024, waliofaulu hisabati nchi nzima walikuwa kama robo tu ya watahiniwa. Tukiweka geti la alama, robo tatu wanabaki nje kwa hisabati peke yake, kabla hatujafika fizikia. Tutakuwa tumemfungia mtoto uwanja kwa kosa ambalo sehemu yake kubwa ni langu, na ni lako pia Mheshimiwa, maana darasa langu lina watoto themanini na tatu na mimi ni mmoja.

Tena njia ya kufunga tuliwahi kuijaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, waziri wa elimu wa wakati huo, marehemu Joseph Mungai, alifuta mashindano ya michezo mashuleni ili watoto wasome. Nilikuwa mwanafunzi. Nakumbuka nguzo za magoli yetu ya netiboli zilivyogeuka nguzo za kuanikia nguo za mabweni, na ule muda wa saa kumi jioni tuliorudishiwa ili tusome tuliutumia kukaa kwenye ngazi na kusukana nywele. Serikali ya awamu ya nne ikayarejesha mashindano. Sina haja ya kumlaumu marehemu. Tatizo aliloliona lilikuwepo na bado lipo. Alikata mkono kwa sababu ya jipu.

Ninachoomba mimi ni kitu kidogo na kigumu: kigezo cha mahudhurio. Mwanafunzi aende kambini akiwa amehudhuria darasani siku tisa kati ya kila kumi za masomo tangu Januari, ukiondoa siku za ugonjwa au msiba zilizoandikwa na mwalimu wa darasa. Alama zake ziwe zozote. Mahudhurio ni kitu ambacho mtoto wa shule ya kata anaweza kukimudu kwa miguu yake mwenyewe, hata kama mwalimu wa fizikia hayupo tangu mwaka juzi.

Nimelijaribu hili kwa kiwango changu. Tangu muhula uliopita mazoezi ya saa kumi ni ya mtu aliyeitikia jina lake asubuhi, basi. Nina kipa ambaye alikuwa mtoro sugu. Siku za gulio alikuwa akishinda stendi akipakia mizigo. Wiki ya pili ya utaratibu huu nilipofika kwenye herufi ya jina lake nikasikia "Nipo!" kutoka nje ya dirisha. Alikuwa bado anakimbia, shati mkononi. Hisabati bado inamtesa, sitakudanganya. Lakini sasa inamtesa akiwa mbele yangu, nami naweza kumfanyia kitu.

Utaniuliza: walimu si watadanganya? Watadanganya. Nimekueleza hapo juu nilivyodanganya mimi. Ndiyo maana naomba kwanza daftari liruhusiwe kusema kweli. Mtoto aliye kambini aandikiwe K, herufi moja tu, asiwe mtoro wala asiwe mtu aliyeketi darasani. Siku za K zikijumlishwa, shule idaiwe vipindi hivyo: akirudi afundishwe alivyokosa, na mkuu wa shule aoneshe lini na nani aliyemfundisha. Kambini kwenyewe, kati ya uji wa asubuhi na mazoezi ya jioni kuna saa nyingi ambazo watoto hulala au hucheza karata. Tunapeleka kocha, daktari na mpishi. Tupeleke na mwalimu wa taaluma, na kila shule imkabidhi mitihani yake ndani ya bahasha. Mtoto anaweza kufanya mtihani wa jiografia akiwa Tabora kama anavyoufanya akiwa kwao. Yupo aliyewahi kuniambia hilo litavuruga morali ya timu. Kama morali ya timu inavunjwa na mtihani wa jiografia, timu hiyo ilikuwa na tatizo jingine.

Sasa nidhamu. Tunapozungumza mwenendo wa wanamichezo, wakubwa huanza na watoto: nywele, simu, kutoroka kambini, kumjibu refa vibaya. Yapo, na sitayatetea. Msichana wangu mmoja alimrushia refa mpira, nikamkalisha benchi mechi mbili ingawa bila yeye tulifungwa. Lakini kosa baya kuliko yote niliyowahi kuyaona kwenye viwanja vya shule lilifanywa na watu wazima wenye mihuri.

Ilikuwa nusu fainali ya wilaya. Timu moja ilikuwa na beki mrefu, mabega mapana, ndevu zimenyolewa asubuhi ileile mpaka kidevu kinang'aa. Kocha wake akamwita kwa jina lililo kwenye fomu. Hakugeuka. Akamwita tena, kwa sauti. Akageuka mchezaji mwingine, akacheka, akamgusa beki begani: "Unaitwa wewe." Watoto wote pale uwanjani, wa timu zote mbili, walijua. Na yule mwenye jina lake alikuwa palepale, amekaa nyuma ya goli na sare ya shule, akishangilia jina lake.

Mamluki si habari mpya kwenu, kila mwaka mnakemea. Lakini adhabu huwaangukia wale kumi waliokuwa halali: timu inaondolewa, watoto wanarudi na mabegi yao wakilia, na aliyeweka saini kwamba "huyu ni mwanafunzi wangu" Jumatatu anasimama paredini kuhutubia juu ya uaminifu. Naomba adhabu imfuate mwenye mhuri. Watoto halali waendelee wakiwa kumi kama wanaweza, na mkuu wa shule aliyethibitisha uongo ajibu kwa mwajiri wake kama anavyojibu mtu aliyeghushi nyaraka nyingine yoyote ya serikali.

Hapo pia ndipo kigezo cha mahudhurio kinaposaidia bila kelele. Mamluki hana daftari. Anaweza kupewa jina na picha, hata cheti cha kuzaliwa, lakini ni shida kumtengenezea miezi mitano ya kuitikia "nipo" mbele ya walimu kumi na wanafunzi themanini.

Kuna jambo la wasichana ambalo nitalisema kwa ufupi kwa sababu halihitaji mjadala. Kambini niliwahi kulala pamoja na wasichana wangu kumi na wanne kwenye chumba kimoja cha darasa, magodoro sakafuni, mlango tumeufunga kwa kamba ya katani kwa kuwa kitasa hakikuwepo. Kila timu ya wasichana iende na mwalimu mwanamke anayelala nao, mlango uwe na komeo la ndani, na kocha mwanamume asiwe na sababu yoyote ya kufika pale baada ya saa mbili usiku. Mashindano yenyewe tunayaita ya shule, basi yawe na ulinzi wa shule.

Najua wapo watakaokuambia kwamba haya yote hayahitaji kanuni, yanahitaji wakuu wa shule wenye moyo, na watakutajia shule ya sekondari ya Makongo, iliyosifika kwa michezo enzi za mkuu wake, Kanali Iddi Kipingu. Mimi nami naiheshimu Makongo ile. Ila nchi haiwezi kupanga elimu ya wanamichezo kwa kutumaini kila kata itapata Kipingu wake. Na sasa mtaala ulioboreshwa umeingiza michezo kwenye mkondo wa amali, mtoto anaweza kuisoma kama fani. Itakuwa ajabu anayesoma michezo darasani awe na vipindi, mitihani na mwalimu, halafu anayeicheza kwa ajili ya mkoa wake awe na X tisa.

Yule winga wangu, kama ungependa kujua, alimaliza kidato cha nne. Matokeo yake nayahifadhi, ni yake. Siku hizi hucheza bonanza za Jumapili, na bado watu huacha shughuli zao kuja kumtazama. Nilipokutana naye mwisho aliniita "Mwalimu" na kunishika mkono kwa mikono miwili. Nilitamani kumwomba radhi. Sikujua nianzie wapi, nikamuuliza goti lake linaendeleaje.

Ombi langu kwa mwaka ujao ni safu moja, Mheshimiwa. Fomu ya usajili ina jina, picha, tarehe ya kuzaliwa na mhuri. Ongezeni "Siku alizohudhuria / siku za masomo", ijazwe na mwalimu wa darasa, asiijaze mwalimu wa michezo. Pale ambapo mwalimu wa michezo ndiye huyohuyo mwalimu wa darasa, kama ilivyokuwa kwangu, atafutwe mwingine. Msituamini.

Wako katika kazi,

Mwalimu wa hisabati na netiboli,
shule ya sekondari ya kata